Msiba wa Siku Saba

Simu ililia Yaqoob akiwa jikoni, kibiriti mkononi, birika la chai halijapata moto. Sauti ya Sinan ilikuwa kavu. Alisema baba yake, Amur, amefariki alfajiri, wanamzika saa nne asubuhi hiyo hiyo, na wanaume watapokea mkono wa pole kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa ulio jirani na nyumba yao, Madinat Sultan Qaboos, mjini Maskati. Lakini hakuaga, na Yaqoob akajua kwamba bado kuna jambo.

"Mzee Yaqoob," Sinan akasema, "nakuomba usije sabla. Siku tatu zikishapita njoo nyumbani, tukae sisi kwa sisi. Watakuja wakubwa wa wizarani. Na watu siku hizi... ya'ni, wewe mwenyewe waijua hali."

Tangu alipojua kusema, Sinan alikuwa akimwita ami. Leo ami amegeuka kuwa Mzee Yaqoob, kama fundi aliyeitwa kutengeneza friji.

"Sawa, mwanangu," Yaqoob akajibu.

Akakata simu, akawasha moto, akasimama kulitazama birika mpaka likachemka na kumwagika. Ndipo hasira zilipompanda, na hazikuwa hasira za Sinan. Alijikasirikia mwenyewe kwa lile neno "sawa" lililomtoka mdomoni upesi hivyo. Alikuwa anakaribia miaka themanini na hakukumbuka mara ngapi amelisema: kwa wenye nyumba, kwa makarani, kwa watu wa barazani waliosogea kidogo tu na kumwachia nusu ya nafasi. Sawa, sawa, sawa. Rafiki yake hajatiwa kaburini na yeye ameshakubali kukaa mbali.

Yaqoob alikuwa Myahudi. Baba yake alitoka Aden akaja Unguja kuuza vitambaa, na yeye alizaliwa juu ya duka, chumba kilichotazamana na dirisha la kina Amur. Mapinduzi yalipokuja, dada zake walichukuliwa London na wazazi. Yeye alibaki nyuma kufunga duka, na duka lilipokwisha kufungwa, njia ya kuwafuata nayo ilikuwa imefungwa. Amur alitangulia Maskati. Kutoka huko akamwandikia udhamini, na kwenye nafasi ya kueleza uhusiano wao akaandika "ndugu". Karani hakuuliza, kwa sababu jina Yaqoob liko katika kila nyumba ya mji ule.

Jina hilo lilimsitiri miaka zaidi ya hamsini. Alifungua duka la miwani Khuwair ya Kusini, akavaa kanzu na kofia kama wenzake, na watu wakajijazia yaliyobaki. Hakusema uongo hata siku moja. Akiadhiniwa watu wakainuka kwenda kuswali, yeye alisema magoti yanamsumbua, na kwa kweli yalimsumbua, ingawa yalianza kumsumbua kabla hajafika arubaini. Hakuoa. Wanawake wa kwao hawakuwapo, na wa watu wengine walitaka kwanza aache dini ya kwao. Duka nalo lilikufa mikono ilipoanza kutetemeka, akahamia chumba kilicho juu ya dobi, ambako mvuke wa pasi ulipanda mchana kutwa na kumfanya anukie kama shati la mtu mwingine.

Walioijua siri hiyo walikuwa wachache, na walikuwa watu wazima wenye adabu zao. Lakini tangu vita vya huko mbali vilipoanza kuonyeshwa kila jioni katika televisheni, mmoja alimnong'onezea mwenzake, na mwenzake akamnong'onezea mwingine. Kwenye baraza ya kahawa Khuwair, salamu zake zilianza kujibiwa na watu wanaotazama simu zao. Yaqoob alizitazama picha zile zile walizozitazama wao. Alilala na sura za watoto wale, akaamka nazo, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu hakuna aliyemwuliza yeye anaonaje. Waliamua tu kwamba wanajua.

Amur peke yake ndiye aliyetaka kujua lililo moyoni mwake. Ilikuwa hospitalini, ugonjwa ulipokwisha kumkondesha hata pete ikamtoka kidoleni.

"Ungesilimu, yakhe," Amur alimwambia. "Tukakutana huko."

"Huko kama kupo."

Amur alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata hiyo ya kwenu huiamini?"

"Zipo siku naiamini. Nyingi siiamini. Nikimtaka Mungu nna maswali, na Yeye hana nafasi."

"Sasa wakataa kuacha dini usiyokuwa na hakika nayo?"

"Hiyo hasa," Yaqoob alisema. "Ingekuwa nna hakika nayo, pengine ningeiacha kwa raha. Nna kitu kimoja tu nilichopewa na baba yangu, nacho kimepasuka. Ntakiacha vipi?"

Amur aliushika mkono wake. "Mkaidi wewe," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifu chakula. Hayo yalikuwa karibu maneno yao ya mwisho yenye maana. Yaliyofuata yalikuwa ya dawa na maji.

Sasa Yaqoob alikwenda mbele ya kioo kujinyoa. Kwenda wapi, hakujiambia. Alinyoa shavu la kulia, akaosha wembe, akaupeleka shavu la kushoto, na mkono ukasimama wenyewe hewani. Kwao mfiwa hanyoi. Hilo alilisahau, au alidhani amelisahau.

Alimwona baba yake kama alivyokuwa siku ile Unguja, simu ya maandishi ilipofika kutoka Aden kwamba kaka yake amefariki. Baba alisimama. Alikata ukosi wa kanzu yake kwa wembe, upande wa kulia, kisha akaushika kwa mikono miwili na kuuchana mpaka upana wa kiganja, akasema maneno ya Kiebrania ya kumsifu Hakimu wa kweli. Halafu akaketi chini, juu ya godoro lililokunjuliwa sakafuni, na hakuinuka kumlaki mtu yeyote muda wa siku saba. Waislamu wa mtaa walikuja siku tatu, kama desturi yao ilivyo, wakaaga. Baba yake Amur akaendelea kuja. Alikuja ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, akaketi sakafuni na tasbihi yake. Yaqoob na Amur, watoto wakati huo, walikuwa wakiwachungulia mlangoni.

Sheria ilikuwa wazi, na Yaqoob aliikumbuka vilevile: nguo huchaniwa baba, mama, mtoto, ndugu wa damu, mke au mume. Rafiki hakutajwa. Amur hakuwa na haki ya kuchaniwa nguo, na Yaqoob hakuwa na wajibu wa kumchania. Mungu hakumwomba kitu hicho.

"Basi usiniombe," akasema kwa sauti kule bafuni.

Akavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na dobi siku ile ile. Wembe akaufunga katika karatasi, akautia mfukoni, akateremka ngazi huku shavu moja limenyolewa na jingine lina vinyweleo vyeupe. Hata teksi ilipopatikana, Amur alikuwa ameshafukiwa.

Sabla ilikuwa imejaa. Ubani ulifukizwa, kahawa ilipitishwa, na kando ya ukuta wa kibla walikuwa wameketi wafiwa kwenye safu moja: Sinan, wajomba wawili, wapwa, na Yazan, mume wa dada yake Sinan, kijana mrefu mwenye kazi nzuri benki na sauti iliyozoea kusikilizwa. Kila mgeni aliingia, wafiwa wakasimama, akawapa mkono mmoja mmoja mpaka mwisho wa safu, kisha akatafuta pa kuketi upande wa wageni. Ukumbi mzima ulikuwa na pande mbili tu, wenye msiba na wasio na msiba.

Yaqoob aliingia. Aliwapa mkono wote. Sinan aliupokea huku akitazama sakafu. Alipofika mwisho wa safu, Yaqoob hakugeuka kuelekea kwa wageni. Aligeuza mgongo ukutani, akasimama pembeni ya mpwa wa mwisho, akawa amejiunga.

Mgeni aliyefuata akampa mkono naye, bila kufikiri. Wa pili pia. Yazan aliacha nafasi yake, akaja polepole, akainama karibu na sikio la mzee.

"Mzee, upande wa wageni ule pale. Hapa ni kwa familia."

"Najua ni kwa wepi."

"Basi twende, nikupeleke. Nimekuombea kiti."

Angesema hivyo siku nyingine yoyote, angepata "sawa" yake. Yaqoob alimtazama, akaona jinsi ambavyo kijana yule alikuwa ameshanyoosha mkono kumshika kiwiko, kwa heshima zote, kama mtu anayehamisha pambo. Akatia mkono mfukoni. Akautoa wembe, akakata ukosi wa kanzu upande wa kulia, akaurudisha wembe katika karatasi yake, halafu akaushika mkato kwa mikono miwili na kuuvuta.

Kitambaa kilipasuka kwa sauti kubwa kuliko alivyotarajia. Mtu mwenye birika la kahawa akasimama katikati ya hatua. Kilio kwenye sabla zile ni cha chini kwa chini. Watu hufuta macho, hutaja jina la Mungu, hushukuru kwa lililowafika. Kuchana nguo ni jambo ambalo kila mtoto pale amefundishwa kwamba limekatazwa, kwa kuwa ni kumtilia Mungu kelele kwa alilolitaka. Shekhe mmoja mzee, mpole, alifika mbele ya Yaqoob na kumshika bega.

"Astaghfirullah, ndugu yangu. Huzuni tunaijua. Lakini kuchana nguo msibani ni haramu."

"Kwenu ni haramu," Yaqoob alisema. "Kwetu ni wajibu."

"Kwenu wapi?" Yazan aliuliza, ingawa alijua, na aliuliza kwa sauti ili wote wajue.

"Mimi Myahudi."

Neno lile hakuwahi kulisema mbele ya watu zaidi ya wawili. Sasa lilikuwa limetoka, na hakuna kilichoanguka. Alisikia tu viyoyozi vikivuma, na ndani ya hofu yake mlikuwa na furaha kali, isiyofaa kabisa mahali pale, ambayo hakuwa na wakati wa kuionea haya.

"Watu wako wanaua watoto," Yazan akasema, na midomo ilikuwa inamtetemeka kweli, "nawe waja kukaa nasi hapa?"

"Watoto wale nawalilia, wala sikuomba ruhusa yako kuwalilia. Lakini watu wangu wepi? Mimi nimezaliwa Unguja. Huko unakokusema nakuona katika televisheni kama unavyokuona wewe. Mtu wangu nilikuwa naye mmoja, nanyi mmemzika leo asubuhi."

Shekhe aliutoa mkono begani taratibu, akatazama chini, akarudi kuketi. Sinan alikuwa amefumba macho. Yaqoob akazikunja pindo za kanzu, akajishusha kwa taabu, goti kwa goti, mpaka sakafuni, chini ya wale waliosimama, akaegemea ukuta. Hapo ndipo yale maneno ya baba yake yalipomjia, yote, kwa Kiebrania chake cha utotoni, yakangoja ulimini. Hakimu wa kweli. Alimfikiria Amur na pete iliyomtoka kidoleni. Alizifikiria zile picha za kila jioni. Nguo nimekupa, akamwambia Mungu moyoni. Maneno hayo sikupi.

Hawakumtoa, kwa sababu hakuna anayejua namna ya kumtoa mzee aliyeketi chini katika msiba. Wageni waliendelea kuingia. Baadhi yao waliishia kwa mpwa wa mwisho, wakajifanya hawakuona kwamba kuna mtu sakafuni. Wengine waliinama wakampa mkono, ama kwa kutojua, ama kwa kujua. Siku ya pili alirudi na kanzu ile ile. Siku ya tatu alirudi nayo tena, ukosi unaning'inia, ndevu zimeanza kulingana pande zote mbili. Jioni hiyo, wakati mazulia yanapigwa ufagio, Sinan alimfuata.

"Umetuaibisha. Mkurugenzi wangu aliondoka bila ya kunywa kahawa."

"Pole."

"Nilikuomba kwa uzuri."

"Na mimi nikasema sawa," Yaqoob alijibu. "Nilikudanganya. Hilo nakutaka radhi, jingine sikutaki."

Uso wa Sinan ulikuwa wa baba yake pale aliposhindwa katika mchezo wa karata, na Yaqoob aliuonea huruma bila ya kutaka. "Msiba umekwisha, khalas," Sinan akasema. "Sabla inafungwa."

Siku ya nne ilikuwa imefungwa kweli. Yaqoob aliukuta mlango una kufuli na baraza imedekiwa. Akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, miguu juani. Magari yalipita, madereva wakigeuza shingo. Hakujua kama anachokifanya ni ibada au ni ukaidi tu, na alipojichunguza aliona kwamba hana haja ya kuvitenga. Baba yake alikaa siku saba kwa kumwamini Mungu. Yeye atazikaa hizo hizo saba kwa kumdai.

Kabla ya adhuhuri alikuja Eufrasia, mwanamke wa Bukoba anayefanya kazi nyumbani kwa kina Sinan, amebeba chupa ya chai na sahani iliyofunikwa kawa.

"Shikamoo, mzee. Katoa mama."

Mama ni Mahbuba, mjane wa Amur, aliyekaa eda, hatoki nje wala haonani na mwanamume asiye jamaa yake wa karibu.

"Marahaba. Sinan anajua?"

"Sijamuuliza," Eufrasia alisema, akaiweka sahani magotini mwake. "Mama kasema nikwambie hivi: yeye anakaa miezi minne na siku kumi, na hakuna anayemwambia amezidisha. Siku saba zako uzimalize. Chakula kitakuja."

Akasimama kidogo, akautazama ukosi uliochanika. "Na sisi kwetu kanisani tuna arobaini," akasema. "Kila watu na hesabu zao." Akaondoka na kandambili zake zikipiga lami.

Yaqoob alikula. Machozi ambayo hakuyapata siku zote tatu yalimjia juu ya wali, akayaacha yadondoke, akaendelea kula.

Sinan alifika baada ya alasiri, funguo za sabla mkononi, akaegesha gari na kusimama mbele yake. Alikuwa ameambiwa, bila shaka, na zaidi ya mtu mmoja.

"Watu wanapiga picha, unajua?"

"Wapige."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ya saba."

Kabla Sinan hajasema la pili, gari la mizigo lenye mchanga wa pwani kwenye magurudumu lilisimama kando ya barabara. Aliteremka mzee mwenye bakora, kilemba kimelegea kwa safari, akauendea mlango wa sabla na kulitikisa kufuli. Kisha akawaona. Alitoa salamu, akajitambulisha kuwa ni Bakhit, wa Qurayyat. Alifanya kazi na Amur zamani bandarini. Alikuwa amelazwa, habari zimemfikia jana.

"Nimechelewa," akasema, na aibu ilimjaa usoni. "Jamaa wa marehemu wako wapi?"

"Mmoja ndiye mimi," Yaqoob alisema.

Bakhit akamtazama: mzee ameketi chini, hajainuka kumlaki mgeni, ndevu hazijatunzwa, kanzu imechanika kifuani mpaka upana wa kiganja. Macho yake yakaenda kwa Sinan, kijana nadhifu aliyeshika funguo, kama mtu yeyote angefanya. "Ni nani wake huyu?"

Sinan alivuta pumzi. Yaqoob hakumtazama. Hakungoja asikie litakalotoka katika pumzi ile, liwe zuri au baya.

"Ndugu yake," akasema mwenyewe, na akaunyoosha mkono juu, kutoka pale alipoketi.

Ilimpasa Bakhit ainame sana kuufikia. Aliinama, akaushika kwa mikono yake miwili, akasema maneno ya kumwombea mfiwa ujira wa subira, na Yaqoob akayaitikia yote kama yanavyoitikiwa.

"Na wengine?" Bakhit aliuliza, akitazama kufuli.

"Wamemaliza," Yaqoob alisema. "Mimi bado."

Mzee wa Qurayyat alifikiri kidogo. Halafu akaiegemeza bakora yake ukutani, akaanza kutafuta namna ya kuketi.